Mustari katika Dale

Beni, Jumanne. Wiki ya tisa tangu nilipotoka Lubero.

Shefu wa kazi anasema kesho tutoe miti inayoshikilia dale ya etaji, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, eti siku za kukauka zimetimia. Anahesabu tangu tulipoanza kumwaga beto, zege lenyewe. Lakini mvua ilitukatisha, na upande wa ngazi tuliumwaga wiki moja baadaye. Mustari unaonekana pale beto mpya ilipoungana na ya kwanza, kama ule wa ukuta wa kanisa la zamani kwetu, unaoonyesha mafundi waliishia wapi.

Nilimwonyesha. Akanijibu: "Papa, umekuwa injenieri lini?" Wafanyakazi wote wakacheka.

Mimi ndiye nitakayeingia chini na nyundo. Ninaogopa beto ya upande wa ngazi, bado haijashika, itaniangukia. Nitatoa miti ya upande wa kwanza tu. Ya ngazi, hapana.

Akikubali, nitarudi nyumbani kazi ikiisha, baada ya wiki mbili. Akinifukuza, kesho jioni.