Wavu wa Babu Yako

Usenge

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku tu wazima. Shangazi yako amejifungua msichana, na goti langu bado linanisumbua. Umeniuliza kama kampuni yako ya samaki huko Nairobi itaweza kulinda ziwa na bado iwape watu riziki. Sijui. Nikwambie tu habari ya siku moja.

Kikundi chetu cha akina mama wauza samaki kilikubaliana kutonunua samaki wachanga wa aina ya ngege, ili wakue na kuzaa. Mizani nilishika mimi. Asubuhi hiyo lori la mnunuzi lilikuwa linanguruma, barafu inayeyuka, na mashua ya mwisho ikafika na samaki wadogo kama vidole. Ilikuwa ya babu yako.

"Mama Ouma, pima," akasema.

Akina mama wote wakanigeukia. Baba yako, Ouma, alikuwa mgongoni kwangu, analia njaa. Na juzi yake tu nilikuwa nimemkatalia mjane aliyeleta samaki kama hao hao.

"Sipimi." Nikaishusha mizani chini.

"Unanikataa mbele ya watu?"

"Nimekataa samaki, Baba Ouma. Wewe sijakukataa."

Lori likaondoka. Siku ya nne nikamkuta anachimbia nguzo kuzunguka sukuma wiki yangu, wavu wake wa kuvulia ukiwa begani.

Ule wavu unaozuia kuku hapo hadi leo, uliokuwa ukiuchezea utotoni, ndio huo. Ukija Desemba, jaribu kupitisha kidole kwenye matundu yake.

Hakipiti.

Nyanya yako