Kipima Mvua Kilichofunikwa Karai

Malava, Kakamega
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Lusweti,

Pokea salamu zetu. Baridi ya huko Afrika Kusini imeshaanza? Usilale bila soksi. Sisi tu wazima. Goti la Mama humsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia.

Sikupiga simu kwa sababu Mama hutaka iwekwe sauti kubwa, na haya sitaki ayasikie. Nehemiah anarudi kazini kwenu, atakupa barua hii mkononi.

Zabibu zimekwisha, kaka. Kazi ilinizuia mjini mwezi mzima, na nilipofika hapa nyumbani nilikuta ukungu umeshika majani na kuingia kwenye vichala, vikiwa ndiyo vinaanza kuiva. Nililia, sikufichi. Nilikucheka sana uliposema mizabibu itasimama katikati ya miwa ya Kabras. Sasa natamani ungenishinda.

Najua utakilaumu kile kipima hali ya hewa ulichotutumia. Kila wiki kilikuambia huko kwenye simu yako kwamba hakujanyesha, nawe ukaagiza tusipige dawa ya ukungu, maana bila mvua haushiki. Kumbe mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Chombo hakikudanganya. Mama alikuwa akiona wingu tu, anatoka na karai kukifunika.

Nilimwuliza kwa nini, akanishangaa. "Sasa kitu ya Lusweti inyeshewe nikiangalia tu?"

Na ile dawa je? Akasema mvua aliiona, lakini wewe ndiwe uliyesomea, hawezi kukupinga.

Nilimweleza kwamba kazi ya kile chombo ni kulowa. Lakini kwamba karai ndilo lililoua zabibu, sikuweza kumwambia. Yeye anajua ni ugonjwa tu. Nakusihi, ukimpigia usimwulize. Majuto ni mjukuu, ila huyu tusimpelekee nyanya yake.

Mjomba Erastus na Risper wanakusalimu. Mjomba anasema nguzo za mizabibu bado zi imara, ukija Desemba mtapogoa pamoja na kuanza upya.

Karai limerudi jikoni. Jana ilinyesha mvua kubwa. Mama alisimama mlangoni akikitazama chombo chako kikilowa, na hakuketi mpaka mvua ilipokatika.

Mungu na akufunike huko tusikofika.

Dada yako akupendaye,
Jael