Mahindi Yanayonuka Moshi

Shikamoo Bibi,

Yale mahindi mawili ya mbegu yaliyotoweka jikoni kwako hayakuliwa na panya. Niliyachukua mimi, na sijamwambia mtu. Ya klabu yetu yalitobolewa na dumuzi kwa sababu nilisahau kuyatia dawa.

Leo hapa Chapwa, kwenye mashindano ya klabu za kilimo, mwamuzi aliyanusa hayo yako. "Binti, mbona yananuka moshi?"

Nikanong'ona, "Bibi yangu huyatundika juu ya mafiga, wadudu wasiyaguse."

"Paza sauti, mama, wote wasikie!"

Nikapaza sauti, Bibi! Mimi ninayeogopa kusema mbele za watu! Tumezawadiwa toroli, na wenzangu wanataka kuja kujifunza kwako.

Nimeukumbuka moshi wa jiko lako. Nisamehe, na Mama akiuliza, mwache panya aendelee kulaumiwa.

Mjukuu wako,
Neema