Kura Ishirini na Nane za Mama Hawah

Arua Sokoni,
15 Septemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Tahiru,

Asalam aleikum. Kifua chako vipi, na joto la Shelisheli? Sisi tuko wazima. Koboko mvua imezidi, mihogo ya baba mdogo Wani inaoza shambani.

Barua yako ya uchaguzi ilifika. Kumbe huko kila eneo lina kiti chake, na chama chenye kura hamsini na mbili katika mia kikabeba viti kumi na tatu kati ya kumi na tano! Hesabu hiyo ilinikaa kichwani. Heri isingenikaa.

Unajua mama yako, Mama Hawah, ambaye kwangu ni mama mdogo, ndiye alikuwa msimamizi wa wanawake wa vikapu hapa sokoni. Mwaka huu alimnyima mke wangu Sadiya meza ya pili. Mimi, niliyeanza na debe moja la mafuta bila msaada wa mtu, niliona ananidharau.

Siku zote wanawake huchagua msimamizi kwa kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Safari hii nikawaambia, "Tufanye kama Shelisheli, alivyoandika Tahiru. Meza ziko safu tano. Kila safu ihesabiwe peke yake, mwenye safu nyingi ashinde." Medina, jirani yetu wa meza, akacheka: "Yakubu, wewe utatuuzia mpaka hewa!" Lakini walikubali.

Nilijua watu wa mama yako wamejaa safu mbili tu. Akapata kura ishirini na nane kati ya hamsini, akashindwa, safu mbili kwa tatu. Huko kwenu angalau wengi walishinda.

Msimamizi mpya amempa Sadiya meza ya pili. Mama yako haji tena sokoni. Anasema, "Tahiru iko mbali, lakini barua yake imenitoa kwa kiti." Hataki nimsomee barua zako. Nami nilimwacha aamini hivyo. Ijumaa akaniletea mkate wake mwembamba wa kisra na mchuzi, nikala, Tahiru. Nikala yote.

Kosa si lako. Kesho naenda kwake, Medina awe shahidi. Nitamwambia shauri lilikuwa langu na nilijua mwisho wake. Meza tutairudisha na mstari upangwe upya. Akinifukuza, haki yake. Ila nitamwomba akubali kusomewa barua yako, hata kama msomaji si mimi.

Sadiya, Medina na baba mdogo Wani wanakusalimu. Mungu akutunze katikati ya maji hayo.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ingawa leo sina uso,
Yakubu