Aliyelainisha Mashine ya Maji

Kiuyu, Pemba
14 Juni 1960

Dada yangu mpenzi Mwatima,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Makoongwe, na kifua cha mama kiwe kimetulia. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Ninachokosa ni mtu wa kusema naye. Tangu mumeo aondoke, kibanda hiki cha mashine nimebaki nacho peke yangu. Siku nyingine, ukiondoa salamu za msikitini, sineni neno mpaka jua linatua.

Kazi imekuwa nzuri. Maji yaliyokuwa hayafiki kwenye tangi kule kilimani sasa yanafika kwa kishindo. Ndani ya mashine maji huzungushwa kwa kasi katika chumba cha chuma kilichojiviringa kama konokono. Kuta zake zilikuwa zimeota kutu, zinakwaruza kama ngozi ya papa, na maji yakipoteza nguvu kwa kujisugua humo kabla ya kupanda. Nilizipiga msasa siku nne mpaka zikateleza. Bwana mkubwa akaja kutoka Chake, akanisifu mbele ya watu. Bi Time, jirani yangu hapa, akaniletea mkate wa kumimina.

Dada, mkate ule sikuula. Fikra ile ya kuzilainisha kuta haikuwa yangu. Shemeji Kificho ndiye aliyeifungua mashine, akaniambia, "Pandu, papasa hapa. Maji yanachokea humu." Ruhusa alikuwa hana. Bwana mkubwa alipotukuta na vyuma chini, akauliza nani kaharibu mashine. Nilimwonyesha shemeji kwa kidole. Alifuta grisi, akachukua mfuko wake, akaenda. Kazi aliyoianza nikaimaliza mimi, na sifa nikazipokea mimi.

Najua huko anaitwa mharibifu, na kaka zetu hawataki kula naye sahani moja. Wasomee barua hii wote, naye awepo.

Jana nilipanda lori la Ramji hadi Chake, nikamweleza bwana mkubwa kila kitu. Akasema mimi na shemeji sote hatufai. Ijumaa nakabidhi funguo.

Nibusie mikono ya mama, na watoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Shemeji usimpe salamu zangu. Nitakuja kumpa mwenyewe, kama atakubali nivuke mlango wake. Asipokubali, niandikie tu, sitamlaumu.

Ndugu yako,
Pandu