Sadock Kisyeri, Uliyekaa Foleni ya Akina Mama

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukulaze pale Natta, kaka Sadock, na kabla ya sifa zako nianze na kosa langu: siku ile ya kikao, mjinga nilikuwa mimi. Wapo walioniambia tangazo la kumbukumbu haliandikwi hivyo. Lakini wewe ungecheka, na kukuchekesha ndiyo kazi yangu tangu tulipokuwa tunachunga ng'ombe wa baba.

Miaka kumi na minne ulifanya kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Ikoma. Ulibeba maji ya moto, ukayapandisha kwa kamba mpaka kwenye ndoo iliyoning'inia nyuma ya hema, mgeni aoge huku akitazama nyumbu. Wiki sita kazini, wiki mbili nyumbani. Wiki mbili zile ulikuwa wetu kabisa: ulirekebisha zizi, ulikagua madaftari ya Irine kwa miwani yenye mkono mmoja, na kila jirani aliyepita ulimpa jina la utani.

Halafu ukaacha kuja. Wiki sita zikapita, zikawa nane, zikawa kumi. Kwenye simu ulisema wageni ni wengi. Mimi nikakutana na dereva wenu sokoni Mugumu, nikamuuliza habari zako.

"Sadock? Si yuko mapumziko! Jana nimemshusha stendi, kapanda gari la Mwanza. Siku hizi mapumziko yake anayakata vipande, kila wiki ya tatu anaenda."

Basi nikawa mpelelezi. Ulipopita nyumbani usiku mmoja tu, tulikuona umekonda, unalala na shati, na bega la kushoto unasema limeteguka bila kusema limeteguka wapi. Asubuhi shemeji Evelina, akifua suruali yako, alikuta kikaratasi mfukoni. Hakikuwa na jina, ni namba tu na maneno haya: Kliniki ya saratani ya titi, Ijumaa, saa mbili asubuhi.

"Shemeji, tumemshika," nikamwambia. "Kaka ana mwanamke Mwanza, na anamuuguza."

Evelina hakulia. Alipanga nguo zake kwenye begi la kurudi kwao Tarime, akasubiri kikao.

Tulikuita kutoka kambini, tukakaa Jumapili baada ya ibada, kaka yetu mkubwa Waitara akiongoza, mimi nikisoma mashtaka kama niliyelipwa.

"Huyo mwenye titi ni nani?" nikakuuliza.

"Ni mimi."

"Kaka! Umeanza kunyonyesha lini?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ulifungua vifungo vya shati kimoja kimoja, kwa mkono wa kulia tu. Palipokuwa na titi la kushoto palikuwa na kovu, limenyooka mpaka kwapani. Sikuwa na pa kuyapeleka macho yangu.

Evelina akauliza. "Umepasuliwa, ukarudi kubeba maji?"

"Nikilala nyumbani, nafasi yangu wanampa mwingine."

"Na mimi?"

"Ningekwambiaje, mama Irine? Kwamba nimepata ugonjwa wenu?"

"Ugonjwa hauvai sketi," akasema, akarudisha begi ndani.

Wiki hiyohiyo alienda mwenyewe Ikoma kumweleza mkuu wa kambi, mzee Limbu. Kumbe na yeye alikuwa na mashaka: walikuona ukivuta kamba kwa mkono mmoja na kuibana kwa goti. Akakuhamishia stoo, kwenye mashuka na sabuni. Siku za hospitali akakupa ruhusa ya pembeni, na mapumziko yakarudi kuwa ya nyumbani.

Mwanza mkawa mnaenda wawili. Muuguzi akitoka kuita, anamshika Evelina: "Mama, zamu yako." Evelina anakusukuma mbele: "Mgonjwa ni huyu mwenye suruali." Akina mama wa benchi lile walikuzoea, wakakufundisha kulipapasa titi lililobaki kutafuta uvimbe. Uliwajua kwa majina wote, ukawabebea karanga za kuchemsha, na asiyekuja ulimuulizia.

Ila mashaka hayakuondoka nyumbani kwetu, yalibadilisha mtu tu. Sisi tulihesabu vidonge vyako ukienda kuoga. Wewe ukatushuku sisi. Evelina akichinja kuku siku isiyo na mgeni, unamtazama: "Daktari amekupigia simu?" Irine akileta maji bila kutumwa: "Nani kakuambia nakufa?"

"Kula, kaka," nikakwambia siku moja. "Huyo kuku alikuwa mgonjwa kuliko wewe." Ukala mapaja yote mawili.

Baada ya kila dawa ulirudi stoo, ukitapika njiani na kusingizia barabara. Mpaka wiki uliyomwomba Limbu ruhusa ya siku tatu. Siku ya pili ulikuwa umelala nyumbani, mkono wako ndani ya mikono ya Evelina, na hukuamka.

Msamaha nilikuomba mara nyingi, kila mara kwa utani. Bila utani sikuwahi. Naomba leo, wasomaji wakiwa mashahidi.

Hutatoka kamwe mioyoni mwa mkeo Evelina, binti yako Irine, mama yetu, mimi mdogo wako Mniko, na kaka Waitara, ambaye juzi nimegombana naye juu ya tangazo hili. Yeye alitaka tuseme uliondoka baada ya kuugua kwa muda mrefu, basi.

"Ukiandika titi kwa mwanaume, watu watatucheka ukoo mzima," alisema.

"Wacheke. Ndicho kilichomuua."

"Heshima yake je?"

"Heshima ipi, ya kufichwa?"

Tulikuwa tumeshasimama wote wawili. Irine, aliyekuwa ananiandikia tangazo, akaweka kalamu chini.

"Baba mkubwa, samahani. Wewe la kwako umelipapasa lini mara ya mwisho?"