Kazi Nne za Saa Nane Usiku

Kwako kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama sasa anatembea bila fimbo. Ila mimi, tangu juzi nina neno la kukwambia.

Kaka, nimepigwa na butwaa. Unaikumbuka kompyuta ya mapokezi hapa zahanati, uliyoiwekea mfumo wa Linux kwa mikono yako, wagonjwa wakaiita Bi Harusi kwa kuchelewa kutoka ndani? Tangu ufukuzwe kwa ajili yake haijapona. Kila asubuhi dakika kumi na mbili, mtu kasimama dirishani na mtoto mwenye homa, nami nakodolea kioo cheusi. Mganga mkuu akawa anasema bado ni uharibifu wako.

Juzi akaletwa fundi mpya, dada mmoja mkimya. Hakufungua hata skrubu. Aliandika maneno mawili matatu, mashine ikamtolea orodha: kazi nne zilizopangwa zijifanye zenyewe kila siku saa nane usiku, zote za kunakili mafaili yale yale ya wagonjwa. Akauliza usiku mashine inakuwa imewashwa? Nikacheka, nikamwambia mlinzi hukata umeme wa jengo zima tukishafunga, ndiyo amri. Akasema basi ndiyo hayo. Kazi ikikosa saa yake haifutwi, inangoja, na asubuhi mashine ikifumbua macho tu zote nne zinaivamia kwa pamoja.

Nikashusha pumzi, nikajua mbaya wetu ni mlinzi. Kumbe! Fundi akaniuliza kwa upole, jina hili la aliyezipanga ni la nani? Nikainama kulisoma, kaka. Lilikuwa langu.

Ni mimi. Wiki ile uliyokuwa ukimuuguza mama, nilipoteza mafaili ya siku nzima, nikaogopa kukwambia. Nikafungua daftari lako la amri za kompyuta, nikauandika kwenye mashine ule mstari wa kuhifadhi nakala kila usiku. Kesho yake sikuona kitu, nikauweka tena. Mara nne, kama anayeongeza chumvi bila kuonja. Wallahi sikujua kuwa mstari huo ndio uliokuwa ukiichelewesha mashine. Lakini siku ile mganga mkuu alipouliza mbele ya wote kama kuna mwingine aliyeigusa mashine, nilijua nimeigusa, na nikasema hakuna. Ukanitazama, ukaniamini. Hilo ndilo kosa langu.

Fundi amefuta tatu, moja kaihamishia saa saba mchana. Bi Harusi sasa anatoka kwa nusu dakika. Inauma kuona ilivyokuwa rahisi.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Mama anakusalimu, naye nimemwambia, hajanisemesha tangu jana.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyemwita Kiherehere.

Nimesahau: kabla ya kuitia bahashani, barua hii nimeisoma kwenye mkutano wa asubuhi, pale pale ulipofukuziwa, mbele ya watu wale wale. Mganga mkuu ameomba namba yako ya simu. Nimempa, nikamkabidhi na ufunguo wangu wa mapokezi.